Chombo Salama cha Kuoshea Gari: Maana Yake na Namna ya Kukitambua

Chombo salama cha kuoshea gari ni kile kinachoondoa mchanga juu ya rangi bila kuuburuza. Madukani watu wengi hukipima kwa njia nyingine: hubonyeza sponji kiganjani, huridhika kwamba ni laini, kisha hulipa na kuondoka. Ulaini una nafasi yake, lakini mara nyingi kinachokwaruza rangi si chombo chenyewe bali ni chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya chombo hicho na bodi, na chembe hiyo hukwaruza hata ikisukumwa na kitambaa cha hariri.

Kwa mkazi wa Tabora, ambako udongo ni wa kichanga na kiangazi huchukua karibu nusu ya mwaka, jambo hili linamgusa moja kwa moja. Gari lililoingia vijiji vya Uyui au Sikonge kwa njia za vumbi hurudi mjini likiwa limefunikwa mpaka vitasa vya milango. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ilhali chuma cha kisu cha kawaida hukaribia 5.5. Kinachopambana na kwatzi hiyo ni tabaka la juu la rangi lisilo na rangi yoyote, ambalo mafundi huliita klia. Nalo ni la jamii ya plastiki na, katika magari mengi yaliyopakwa rangi kiwandani, lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani sehemu ndogo sana ya milimita moja.

Madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa, mwenye gari jeusi au la buluu iliyokoza akisimama juani mchana, au akimulika boneti kwa tochi ya simu usiku, huona mistari myembamba iliyozunguka mwanga kama utando wa buibui. Kwa kweli mistari hiyo haikuchorwa kwa duara. Imetapakaa kila upande, ila macho huiona zaidi ile inayokatisha uelekeo wa mwanga, na ndiyo maana duara huhama kila tochi inapohamishwa. Magari meupe nayo hukwaruzika vivyo hivyo, isipokuwa rangi yao huficha.

Tofauti kati ya vyombo hujitokeza hapo. Sponji ya kawaida ina uso bapa; mchanga ukiingia chini yake hauna pa kwenda, hivyo huzungushwa juu ya mlango mzima kwa nguvu ya mkono wa anayeosha. Dodoki, hodari kwa masufuria, lina nyuzi ngumu ambazo hukwaruza hata pasipo mchanga. Brashi ya nailoni yenye mpini mrefu ina kasoro hiyohiyo, na fulana kuukuu huongeza mshono na pindo. Glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu, iwe ya sufu ya kondoo au ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki), hufanya kazi kwa namna nyingine: nyuzi zake huiruhusu chembe izame ndani, mbali na rangi, hadi glavu itakaposuuzwa.

Neno «hadi itakaposuuzwa» si la kupitwa haraka, kwa kuwa glavu nzuri iliyojaa mchanga ni mbaya sawa na sponji. Ndiyo sababu hutumika ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Baada ya kuosha, atakayemwaga ndoo ya pili taratibu ataona mchanga uliotuama chini, nao ni ule ambao ungekuwa ukizunguka juu ya boneti. Kabla ya yote hayo, gari limwagiwe maji mengi kuanzia paa kwenda chini. Mashine ya presha inafaa, ncha yake ikikaa umbali wa takribani sentimita 30. Asiye nayo anaweza kutumia mpira wa bomba au keni ya kumwagilia bustani. Sabuni iwe ya maji, kwa kuwa povu lake hulainisha mwendo wa glavu, na punje za sabuni ya unga zisizoyeyuka si rafiki wa klia.

Kwa maoni yangu, lakini, adui mkubwa wa rangi katika mji wa vumbi si kuosha vibaya. Ni ile desturi ya kupangusa gari asubuhi kwa kitambaa kikavu ili ling'ae kabla ya kazi. Hapo hakuna maji ya kubeba mchanga wala povu la kulainisha. Afadhali gari liende na vumbi lake hadi siku ya kuoshwa. Utomvu wa mwembe au kinyesi cha ndege, ambavyo aliyeegesha chini ya miembe ya Tabora havikwepi, visisuguliwe vikiwa vikavu; vifunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji mpaka vilegee.

Kukausha kunataka taulo nene la maikrofaiba, likitandazwa na kubonyezwa badala ya kusuguliwa, na lebo yake ikatwe kwanza kwa sababu ukingo wake ni mgumu. Matairi na rimu viwe na vyombo vyake peke yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Kitambaa kilichoanguka chini kihamie huko kwenye rimu, na kisirudi juu ya boneti hata kikifuliwa.