TDS, BD, PRN: Kilatini kilichojificha kwenye cheti chako cha dawa

Daktari kaniandikia "Amoxicillin 500 mg TDS 5/7". Ndiyo nini?

TDS ni kifupi cha *ter die sumendum*, yaani itumiwe mara tatu kwa siku. Ukiona BD ni *bis in die*, mara mbili. QID ni *quater in die*, mara nne. Ile 5/7 si Kilatini wala si tarehe: 7 ni siku za wiki, kwa hiyo unatumia dawa siku 5. Ingeandikwa 2/52, ingekuwa wiki 2.

Mbona kwenye bahasha wameandika 1x3?

Ni kitu kilekile, "kimoja kutwa mara tatu". Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, na kosa si la Kilatini, ni la hilo neno "kutwa". Mtu husikia kutwa akafikiria mchana tu: anameza saa 2 asubuhi na chai, saa 7 na ugali, saa 1 jioni, kisha dawa inakaa saa 13 bila kuongezwa. Dawa ya kuua bakteria inataka kiwango chake mwilini kisishuke sana, la sivyo vijidudu vinapata pa kupumulia. Gawa saa 24 kwa tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. (Na ukiambiwa "kila baada ya saa 8", si lazima iwe saa nane ya mchana! Swali hilo huulizwa sana dirishani, na wala si la kijinga.)

Dawa mseto ya malaria, ALU, nayo ni BD. Nameza asubuhi na jioni tu?

Siku ya kwanza, hapana. Dozi ya kwanza unaimeza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, hata kama ni usiku wa manane. Kuanzia siku ya pili ndiyo unakwenda asubuhi na jioni, mpaka dozi 6 ziishe. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo; bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Kichwa kikitulia siku ya pili usiwawekee wengine zilizobaki.

AC na PC je?

*Ante cibum*, kabla ya chakula. *Post cibum*, baada ya chakula. Omeprazoli ya tumbo huwa AC, kama nusu saa kabla ya kula. Ibuprofeni ni PC, maana tumbo tupu inalichubua.

PRN ni "nitumie nikijisikia"?

*Pro re nata*, kwa neno kwa neno ni "kwa jambo lililozaliwa". Maumivu yakizaliwa, meza, yasipokuwepo, acha. Lakini mpaka upo. Parasetamoli ya mg 500 kwa mtu mzima haizidi vidonge 8 ndani ya saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Ukivuka hapo ini ndilo linalolipa.

OD nimeiona kwenye dawa ya macho, nikatia mara moja tu kwa siku.

Herufi hizi zina hila. OD yaweza kuwa *omni die*, kila siku, yaani mara moja kwa siku, na pia *oculus dexter*, jicho la kulia. Marekani, hospitali zilishauriwa tangu 2004 ziachane na kifupi QD, cha mara moja kwa siku, kwa kuwa kilisomwa QID na mgonjwa akapewa mara nne. Kwa dawa ya macho muulize mfamasia mambo mawili: jicho lipi, na matone mangapi kwa siku.

Mama yangu anasubiri upasuaji, kitandani wamebandika NPO. Nimemletea uji, nimpe?

Usimpe, mwanangu. *Nil per os*: kisipite kitu mdomoni. Akishapigwa nusu kaputi, koo halijilindi tena. Uji ukipanda kutoka tumboni unaweza kuingia kwenye mapafu. Maji na dawa zake za kila siku, muulize nesi kwanza. Funga chupa ya uji. Na kama alishaonja vijiko viwili kabla hujasoma hicho kibao, sema sasa hivi: afadhali upasuaji usogezwe hadi mchana.