Mfungamano wa Kwantamu katika Chembe Nyingi Zenye Ulinganifu

Mfungamano wa kwantamu ni uhusiano wa chembe mbili au zaidi ambao hauwezi kuelezwa kwa kutaja hali ya kila chembe peke yake. Jina la dhana hii lilitolewa na Erwin Schrödinger mwaka 1935, na majaribio yaliyoithibitisha yaliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2022. Madai kwamba mfungamano hupeleka ujumbe papo hapo hayana msingi.

Ugumu huanza chembe zinapokuwa nyingi. Tuchukue chembe 50, kila moja ikiwa na hali mbili za msingi: kuueleza mfumo mzima kikamilifu kunahitaji namba zaidi ya trilioni 1,125, ambazo hakuna kompyuta ya mezani inayoweza kuzihifadhi. Lakini iwapo mfumo una ulinganifu wa kubadilishana, yaani chembe zozote mbili zikipishana nafasi hali ya mfumo hubaki ileile, hatuhitaji tena kuuliza ni chembe ipi iliyo katika hali ya pili. Tunauliza ni ngapi tu, kuanzia sifuri hadi 50. Zinabaki namba 51, na mwanafunzi wa Arusha anaweza kuzikokotoa kwa kompyuta yake ya mkononi.

Ulinganifu huo hauondoi mfungamano, bali huulazimisha ugawanywe sawa, na namna ya kuugawa si moja. Katika hali iitwayo GHZ, iliyoelezwa mwaka 1989, uwezekano wa chembe zote kuwa katika hali ya kwanza umeunganishwa na ule wa zote kuwa katika hali ya pili. Chembe moja ikipotea, mfungamano wa zilizobaki hutoweka wote. Hali ya W, ambamo chembe moja tu ndiyo iliyo katika hali ya pili bila kuwa imeamuliwa ni ipi, ni imara zaidi, kwa kuwa zinazobaki huendelea kufungamana. Ila mgao wake ni kama kata ya mbege inayozungushwa kule Moshi: wanywaji wakiongezeka, fungu la kila mmoja hupungua. Kwa kipimo cha 0 hadi 1, jozi yoyote hupata theluthi mbili chembe zikiwa 3, na moja ya tano zikiwa 10. Na imethibitishwa kihisabati kwamba hakuna mgao mwingine ulio sawa kwa jozi zote unaoweza kuzidi hapo.