Nyota kwenye majibu ya damu si ugonjwa

Malalamiko yameongezeka. Mtunzaji anapokea majibu ya damu ya sokwe wake, anaona nyota (alama ya kipimo kilichotoka nje ya mipaka) kwenye vipimo viwili, jioni anataka dawa. Uchungu wake tunauelewa. Dawa hatutoi.

Viwango rejea, yaani mipaka ya kawaida ya kila kipimo, huchukua asilimia 95 ya katikati ya wanyama wazima wa afya. Kwa kila kipimo, basi, mmoja kati ya 20 atatoka nje ya mipaka bila kuumwa chochote. Ukiagiza vipimo 20 kwa mpigo, nyota moja ni ya kutarajiwa. Mipaka yenyewe huhitaji wanyama wapatao 120, na kwa spishi inayokaribia kutoweka hao utawatoa wapi? Ndiyo maana majibu hukusanywa kutoka bustani nyingi za wanyama, kama unavyofanya ZIMS, mfumo wa kumbukumbu za wanyama wa shirika la Species360.

Na viwango vya binadamu viacheni. Sokwe ni jamaa yetu wa karibu, sawa, lakini undugu si kipimo cha maabara.

Tunachouliza kwanza ni damu ilivyochukuliwa. Sokwe aliyekimbizwa, akapiga kelele, kisha akachomwa ketamini (dawa ya usingizi) msulini, huja na sukari na chembe nyeupe zilizopanda kwa hofu, na kreatini kinasi (kimeng'enya cha misuli) iliyopanda kwa sindano. Aliyezoeshwa kunyoosha mkono kupitia wavu huku akila tunda hutoa picha nyingine kabisa. Kwa hiyo fomu ijazwe yote: umri, jinsia, mimba, saa, alikula lini, dawa gani. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Kikitikiswa chembe hupasuka na damu haitufai. Seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, itenganishwe mapema, la sivyo chembe zinaendelea kula sukari humo humo.

Sampuli ikivuka mpaka, sokwe, gorila na orangutani wote wamo katika Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini: kibali cha kuingiza na cha kusafirisha nje vipatikane kabla ya safari. Tone moja ni sampuli pia. Bila vibali hukamatwa, na aliyetuma hujibu mashtaka. "Sikujua" tumeisikia mno.

Mwisho, tuleteeni majibu ya mnyama huyohuyo ya miaka iliyopita, alipokuwa mzima. Kreatinini (kipimo cha figo) iliyopanda mara mbili kuliko kawaida yake inatutia wasiwasi hata kama haina nyota.