Mkondo wa Gredi 10 maana yake nini hasa?

Siku hizi ukipanda matatu ya Kondele hapa Kisumu ama ukisimama kwa foleni ya posho mill utasikia tu "wako alichagua pathway gani", anayejibu anasema STEM, na stori inaishia hapo kama vile STEM ni jina la kazi. Si kazi jamani. Pathway, yaani mkondo, ni kundi la masomo ambalo mwanafunzi anaingia nalo Gredi 10, mwanzo wa senior school, na kukaa nalo mpaka Gredi 12. Iko mitatu: STEM ambayo ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, halafu Sayansi za Jamii, halafu Sanaa na Spoti. Wa kwanza kabisa waliingia Januari 2026 baada ya kufanya KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 9, mwaka wa 2025, kwa hivyo hakuna kaka ama dada mkubwa wa kuulizwa ilikuwaje, na ndio maana wazazi wanahangaika.

Sasa shika hii. Masomo ni saba. Manne ni ya lazima kwa kila mtu: Kiingereza, Kiswahili ama lugha ya ishara, hisabati, na somo la kuhudumia jamii. Hisabati yenyewe iko mbili, wa STEM anafanya ile nzito na wengine wanafanya ile ya msingi. Yanabaki matatu ya kuchagua, na hayo matatu ndiyo tunaita kombineshoni, na kwa maoni yangu hapo ndipo maisha ya mtoto yanapangwa, si kwa jina la mkondo na si kwa jina la shule.

Mama mmoja anauza mitumba pale Kibuye alinionyesha kwa simu shule ambazo binti yake alijaziwa. Majina makubwa makubwa, na kando ya kila shule nambari ya kombineshoni ambayo hakuna mtu alimwelezea. Binti anataka unesi. Tukatafuta ile nambari ya kwanza, tukakuta ni STEM kweli lakini baiolojia haiko. Huwezi kutaka unesi na umeacha baiolojia, hata ukae shule yenye sifa namna gani.

Kitu kingine, STEM si ya madaktari peke yao. Ndani yake kuna sayansi tupu, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kuna sayansi tumizi kama kilimo, kompyuta na sayansi ya nyumbani, na kuna masomo ya ufundi: umeme, ujenzi, ufundi wa chuma, mbao, mekanika, hata somo la teknolojia ya bahari na uvuvi. Hilo la mwisho mimi huwa nalipigia debe sana huku kwetu, kwa sababu Ziwa Victoria liko hapa na ukisimama ufuo wa Dunga ukaangalia majini unajua kazi ya samaki si nyavu na mtumbwi tu tena, watu wanafuga ngege, yaani tilapia, kwa vizimba ndani ya ziwa, na mwenye kizimba lazima ajue chakula, magonjwa na hewa iliyo ndani ya maji, la sivyo anaamka asubuhi samaki wote wanaelea. Kijana wa Usenge ama Mbita akisoma hayo vizuri ana mahali pa kuanzia. Na wa umeme ama mekanika anaweza endelea chuo cha ufundi kama Sigalagala ama Kisumu National Polytechnic, hiyo si kuanguka masomo.

Sayansi za Jamii ni lugha, fasihi, historia, jiografia, dini na biashara. Anayetaka uanasheria, ualimu wa lugha ama uanahabari atafute huko.

Sanaa na Spoti ndio watu wanadharau, na inaniuma, kwa sababu ni huku huku magharibi tuna Butere Girls na drama yao, tuna Kakamega School na mpira wao. Muziki, maigizo na filamu, uchoraji na michezo sasa ni masomo yenye mtihani.

Nafasi inapatikana vipi? KJSEA inabeba asilimia 60, mtihani wa Gredi 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi 7 na 8 asilimia 20, halafu mfumo wa kupanga shule unaangalia chaguo la mtoto na nafasi zilizoko. Kwa hivyo aliye Gredi 7 leo Nakuru ama Bungoma tayari anajikusanyia.

Shule nazo hazilingani. Kuna zenye mikondo yote mitatu na kuna zenye miwili tu, na hata kama mkondo uko, somo lako linaweza kukosa. Kabla ya kujaza, nenda shuleni ama pigia ofisi simu, uulize nani anafundisha hilo somo, na kama ni la ufundi, uulize karakana iko wapi na ina mashine gani.