Je, wajua kwa nini watafiti huahidi kutoa data zao, kisha hawazitoi?

Ukisoma ripoti ya utafiti kuhusu malaria au samaki wa Ziwa Viktoria, huenda mwishoni ukakuta ahadi kwamba data zitatolewa kwa yeyote atakayeziomba. Kuna watafiti walioamua kuipima ahadi hiyo, wakawaandikia waandishi wa makala 1,792 waliosema wako tayari kutoa. Matokeo yalichapishwa 2022: waliotoa kweli ni 122 tu. Waliobaki walikataa au walinyamaza.

Wengi husema ni uchoyo. Uchoyo upo, lakini nenda Siaya kwanza, jirani na Kisumu, ndipo uhukumu. Tangu 2001, wahoji wa mradi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba yenye kituo Kisian kwenye barabara ya Busia, wamekuwa wakipita boma kwa boma huko Asembo, baadaye Gem na Karemo, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mvua ikinyesha boda hukwama topeni. Mwenye boma akiwa ameenda sokoni, mhoji hana budi kurudi siku nyingine. Sasa faili la kazi kama hiyo likiwekwa wazi leo, mtu aliye London mwenye kompyuta kali anaweza kulichambua na kuchapisha makala kabla aliyelikusanya hajamaliza kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hapa kivuli ni cha mwingine. Na kwenye vyuo vyetu mtu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Data alizogawa hazimwongezei kitu.

Halafu kuna kazi ambayo msomaji haioni. Fungua faili lenyewe: safu imeandikwa «umri», na ndani yake kuna 34, 27, 99, 41, 99. Je, kijiji kina vikongwe wengi hivyo? La. Hiyo 99 maana yake «hakujibu», na anayejua hilo ni karani aliyeingiza data, ambaye siku hizi yuko kazi nyingine Nakuru. Kueleza kila safu na kila namba huchukua wiki nyingi, na mara nyingi pesa za mradi huwa zimeisha. Wanasayansi 1,329 walipohojiwa katika utafiti uliochapishwa 2011, sababu walizozitaja zaidi za kutotoa data zilikuwa kukosa muda, kisha kukosa pesa.

Siri za watu nazo si jambo dogo. Kufuta majina hakutoshi. Andika tu «mwanamke, miaka 91, mjane, analea wajukuu pacha», taja na kijiji, na kila mtu sokoni atakwambia ni nani. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mama aliyekubali kuhojiwa kuhusu neti hakukubali kuanikwa duniani.

Hata kutoa mapema kuna gharama yake. Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza haraka data za Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona. Malipo yao? Nchi kadhaa zikazuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika.

Ila kuzifungia kabatini pia ni kuzipoteza. Utafiti wa 2014 uliofuatilia makala 516 ulikuta kwamba uwezekano wa data kuwa bado zipo hushuka kwa asilimia 17 kila mwaka. Hakuna aliyeziiba: kompyuta imekufa, anwani ya barua pepe imebadilika, mwenyewe amestaafu.

Kwa maoni yangu, njia inayofaa ni ya kati. Aliyekusanya apewe muda wa kuchapisha kwanza, data zikabidhiwe hifadhi ya taasisi, na kazi ya kuzisafisha iwe na fungu lake katika bajeti tangu siku ya kwanza. Anayezitaka aombe kwa kamati, aeleze atazifanyia nini. Kamati ikikataa, itoe sababu kwa maandishi.