Kwa Nini Trauti wa Kufugwa Huruka Nje ya Matangi

Mfugaji anayeingia kwenye banda la matangi alfajiri na kumkuta trauti sakafuni, mkia umekauka na matamvua yamegandana, kwa kawaida huwa na jibu tayari: samaki alitaka kutoroka, na ukingo wa tangi ni mfupi. Jibu hilo humpeleka moja kwa moja kutafuta chandarua cha kufunikia. Chandarua ni kifaa kizuri, nami hupendekeza kila tangi la trauti liwe nacho. Lakini kazi yake ni kumzuia samaki asianguke, hakigusi kilichomrusha. Nimeona matangi yaliyofunikwa vizuri ambamo samaki waliendelea kujigonga kwenye nyuzi usiku kucha, wakachubuka pua na mapezi, huku mwenye tangi akiamini kwamba tatizo limekwisha kwa sababu sakafu ni safi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Trauti ni wa ukoo mmoja na samoni, na yule anayefugwa zaidi duniani, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, asili yake ni mito baridi inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na upande wa Kamchatka nchini Urusi. Maisha yake yamefungamana na maji yanayokwenda kasi: huelekeza kichwa panapotoka mkondo, husubiri chakula kiletwe na maji, na wakati wa kutaga ukifika hupanda mto akitafuta changarawe safi, hata kama njiani pana maporomoko. Samaki wa namna hiyo akiwa na urefu wa sentimita 30 anaweza, kwa muda mfupi sana, kuogelea kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde, na kasi hiyo ikielekezwa juu inatosha kumwinua karibu nusu mita kutoka usoni pa maji. Mwenye sentimita 40 hukaribia sentimita 80. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 20 juu ya maji, ambao unatosha kabisa kwa samaki wengine wengi, kwa trauti aliyekomaa ni sawa na kizingiti cha mlango.

Katika matangi mengi maji huingia kwa bomba linalomwaga kutoka juu. Sisi tunaona bomba, lakini trauti anapata ishara zilezile ambazo mababu zake walizipata chini ya maporomoko: kishindo, mapovu, na msukumo wa maji yanayogonga chini na kurudi juu. Huwa anakusanya nguvu mahali penye kina na kuruka akielekea maji yanayoanguka. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mfugaji ni upande gani wa tangi samaki waliokotwa. Wakiwa wote wameanguka karibu na bomba, mara nyingi inatosha kulishusha bomba hilo na kulilaza kando ya ukuta, likiwa na matundu madogo yanayosukuma maji yazunguke tangi zima. Tahadhari moja tu: maji yanayoanguka hujichanganyia hewa, hivyo anayelizamisha bomba lazima ahakikishe kwamba oksijeni inaingizwa kwa njia nyingine, la sivyo ataondoa tatizo dogo na kuleta kubwa.

Faida ya maji yanayozunguka ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkondo ukiwa wa wastani, yaani samaki anapolazimika kuogelea umbali wa kama urefu wa mwili wake kila sekunde ili abaki palepale, trauti hujipanga wote wakitazama upande mmoja na ugomvi hupungua. Katika maji yaliyotulia, hasa samaki wakiwa wachache, wakubwa hujitwalia maeneo na kuwafukuza wadogo, na anayefukuzwa hadi ukutani hubaki na njia moja tu, ambayo ni juu. Samaki anayeonewa hutambulika kwa rangi yake kuwa nyeusi kuliko ya wenzake na kwa mapezi yaliyotafunwa.

Kuna pia kuruka ambako hakutokani na taabu yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani kuhusu gapi, samaki wadogo wa mito ya Trinidad, ulionyesha kwamba kabla ya kuruka wenyewe bila kushtuliwa, samaki hao hurudi nyuma polepole kwa kutumia mapezi ya kifuani, kisha hujirusha mbele kwa nguvu. Na watafiti waliona kwamba huenda hiyo ni njia ya kusambaa na kufikia maji mengine. Gapi si trauti, lakini somo lake lina maana kwa kila mfugaji: kuruka kunaweza kuwa tendo lililoandaliwa, bila kuwa mshtuko wa mnyama anayekufa. Trauti aliyehamishiwa tangi jipya mara nyingi huruka zaidi katika siku za mwanzo, akiwa bado hajayazoea mazingira, na hapo ndipo chandarua huwa cha lazima.

Sababu nyingine ya kawaida ni hewa. Trauti na samoni wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea, nacho kimeunganishwa na koo kwa mrija, kwa hiyo hukijaza kwa kupanda juu na kumeza hewa. Nchini Norwei, samoni waliofungiwa katika vizimba vilivyozamishwa walipoteza hewa hiyo taratibu, wakaanza kuogelea kwa haraka huku mikia imeshuka, na walipopewa tena nafasi ya kufika juu waliruka na kubingirika kuliko kawaida. Ruko moja moja, lililotawanyika mchana kutwa, lisimtie mtu wasiwasi.

Wasiwasi uanze wengi wanaporuka kwa pamoja, au wanapoanza ghafla katika tangi lililokuwa tulivu kwa wiki nyingi. Hapo maji yapimwe kabla ya jambo jingine lolote. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 20 hubeba 9.1 tu, na wakati huohuo samaki anahitaji oksijeni zaidi kwa sababu mwili wake umechangamka. Trauti asiachwe chini ya miligramu 6, na kipimo kichukuliwe maji yanapotokea, kwani yanapoingia daima huonekana mazuri. Ikumbukwe kwamba upungufu wa oksijeni kwa kawaida huwafanya wasongamane kwenye maji mapya na kutwetea juu juu. Wakiruka bila kutweta, chanzo huenda ni kingine, kama vile amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ambayo huunguza matamvua, na ambayo huwa kali zaidi kadiri joto na pH ya maji, yaani hali yake ya umagadi, vinavyopanda.

Kisababishi kinachosahauliwa kuliko vyote, na ambacho mimi hukitafuta mapema, ni gesi iliyozidi. Pampu ikiwa na ufa mdogo kwenye bomba la kuvutia maji, haivuji. Badala yake hunyonya hewa, ikaibana ndani ya maji hadi nitrojeni inazidi kiwango ambacho maji yanapaswa kuwa nacho. Jumla ya gesi ikipita asilimia 105 hadi 110, huanza kujitenga ndani ya mwili wa samaki kama vile soda inavyotoa mapovu chupa inapofunguliwa. Mkamate mmoja, mwinue dhidi ya mwanga na utandaze pezi la mkia: utaona vipovu vyenye ukubwa wa ncha ya sindano vimepangana kati ya miiba ya pezi, na kwa walioathirika zaidi jicho hutokeza nje. Samaki wa namna hii hutapatapa na kuruka, na kuwafunika kwa chandarua ni kuwaacha wateseke bila kuonekana. Dawa ni kuziba ufa na kuyapitisha maji juu ya trei zenye matundu ili gesi itoke.

Vimelea navyo vina alama yake. Trauti mwenye vimelea vidogo vya ngozi hujisugua ubavu sakafuni mwa tangi, akimulika mng'ao mweupe wa tumbo, kisha huruka na kuanguka kwa ubavu. Inaelekea kuanguka huko kuna faida kwake, kwa maana samoni wachanga walioachwa huru kuruka baharini walibaki na chawa wachache kuliko waliozuiwa. Mkwaruzo mdogo wa ute wa ngozi, ukitazamwa kwa darubini samaki akiwa hai au amekufa punde, hutoa jibu kwa dakika chache. Samaki aliyelala sakafuni tangu usiku hafai kwa kipimo hicho, kwa kuwa vimelea vingi humwacha au hufa naye.

Na yule anayeokotwa bado anapumua asirudishwe tangini kimyakimya. Sakafu imemvua ute unaomkinga, na penye mchubuko ukungu mweupe mithili ya pamba unaweza kuota katika siku chache zinazofuata. Atengwe katika maji safi yenye oksijeni ya kutosha, na daftari liandikwe saa aliyookotwa, tangi alilotoka na upande alioangukia.