Kifungu cha 17: mkataba wa Wuchale na amani ya Addis Ababa

Wanafunzi wanaokuja kwetu hifadhi ya nyaraka kuuliza habari za vita vya Adwa, vya 1896 kati ya Ethiopia na Italia, hutaka kusikia kwanza habari za mizinga, milima na idadi ya waliokufa. Mimi huanza kwa kuwapa karatasi. Huwaomba wasome kifungu cha 17 cha Mkataba wa Wuchale, tena mara mbili, kwa sababu mkataba huo uliandikwa kwa lugha mbili na kila lugha ilisema lake.

Wuchale ni mahali katika Wollo, kaskazini mwa Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889, Menelik na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, walitia saini hapo mkataba wa amani na urafiki. Kila upande ulikuwa na haja yake. Mfalme Yohannes IV alikuwa ameuawa Machi mwaka huohuo akipigana na Wamahdi, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, huko Metemma, na Menelik, mtawala wa Shewa, alikitaka kiti cha Mfalme wa Wafalme. Alihitaji silaha na utulivu. Italia nayo ilikuwa imeishika bandari ya Massawa tangu 1885, na macho yake yalikuwa kwenye nyanda za juu. Menelik alikubali Waitaliano wabaki na sehemu ya nyanda hizo, Asmara ikiwemo.

Sasa tuje kwenye kifungu chenyewe. Kwa Kiamhari kilisema kwamba Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kitenzi ni yichalachewal, yaani "wanaweza", kwa ile namna ya heshima ya kumtaja mkubwa kwa wingi. Kwa Kiitaliano kitenzi ni consente, "anakubali". Mtu anayeweza kumtumia jirani apeleke barua yake, siku asipotaka ataipeleka mwenyewe. Aliyekubali kumtumia amekwisha kujifunga. Roma ililisoma neno hilo kwa maana ya wajibu: Ethiopia haina tena sauti yake mbele ya dunia isipokuwa kwa kinywa cha Italia.

Kifungu cha 19 kikaongeza uzito. Kilisema nakala ya Kiamhari na ya Kiitaliano zinalingana kabisa, na zote mbili ni rasmi. Watu wengi hukipita kifungu hiki bila kukitazama, nami nadhani ndicho chenye thamani kuliko vyote, kama nitakavyoonyesha.

Tarehe 11 Oktoba 1889 Italia iliziarifu dola za Ulaya, kwa kutumia kifungu cha 34 cha Mkataba wa Berlin wa 1885, kwamba Ethiopia imeingia chini ya himaya yake. Wakati huo Ras Makonnen, binamu yake Menelik na baba wa yule atakayeitwa Haile Selassie, alikuwa ndiyo kwanza ametia saini huko Italia makubaliano ya nyongeza, pamoja na mkopo wa lira milioni 4. Huku mjumbe anapokewa kwa heshima, huku nchi yake inatangazwa kuwa ya mwingine.

Menelik aligundua kwa njia ya barua. Aliziandikia dola za Ulaya kuzijulisha kutawazwa kwake, kama mfalme anavyowaandikia wafalme wenzake. Majibu ya Uingereza na Ujerumani yalimweleza kwamba mawasiliano ya namna hiyo yanapaswa kupitia Italia. Hapo ndipo nakala ya Kiamhari ilipotolewa na kusomwa upya, na Septemba 1890 Menelik akamwandikia Mfalme Umberto wa Italia kupinga tafsiri ile.

Antonelli alirudi Addis Ababa kutafuta suluhu. Hoja yake ilikuwa kwamba Italia imekwisha kuzitangazia dola nyingine, hivyo kurudi nyuma ni kujivunjia heshima. Aliyemjibu kwa uwazi ni Malkia Taytu, mkewe Menelik: Ethiopia nayo imezijulisha dola hizohizo jinsi kifungu kinavyosomeka kwa lugha yake, na nayo ina heshima ya kulinda. Mazungumzo yalivunjika Februari 1891, baada ya Antonelli kutia saini hati ya Kiamhari na kugundua baadaye kwamba inakifuta kifungu cha 17. Mwaka 1893 Menelik alitangaza kuuvunja mkataba wote, na mkopo akaurudisha.

Vita vilivyofuata vinajulikana. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Italia la watu wapatao 17,000, chini ya Jenerali Baratieri, lilivunjwa kabla jua halijatua, na serikali ya waziri mkuu Crispi ikaanguka Roma. Kuna jambo moja ambalo haifai kulificha kwa sababu ya furaha ya ushindi: mamia ya askari Waafrika waliopigania Italia walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto baada ya kutekwa. Mateka Waitaliano hawakufanyiwa hivyo.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Addis Ababa tarehe 26 Oktoba 1896, kwa upande wa Italia na Cesare Nerazzini. Ni mfupi, na kila kifungu kinaonekana kuandikwa na mtu aliyeungua. Cha kwanza kinamaliza vita. Cha pili kinafuta Mkataba wa Wuchale na viambatisho vyake. Cha tatu kinatamka kwamba Italia inautambua uhuru kamili wa Ethiopia, bila sharti. Safari hii pande zote mbili ndizo zitakazoyajulisha mataifa mengine, si upande mmoja kwa kificho. Na lugha? Kiamhari na Kifaransa. Kiitaliano hakimo.

Huku kwetu Tanzania jina la chifu Mangungo wa Msovero limegeuzwa mfano wa mtu aliyeuza nchi bila kujua. Sikubaliani na lawama hiyo. Karatasi za mikataba alizozunguka nazo Mjerumani Karl Peters mwishoni mwa 1884, akiwatia saini watawala kama yeye, ziliandikwa kwa Kijerumani, na upande wa pili haukubakiwa na nakala ya lugha yake, yenye nguvu sawa, ya kuweka mezani na kusema: sisi tulikubali hili, siyo lile. Menelik alikuwa nayo, na kifungu cha 19 ndicho kilichoipa nguvu hiyo. Bunduki zilishinda Adwa, lakini miaka sita kabla ya bunduki alikuwa anabishana akiwa na hati mkononi.

Amani ile haikurudisha kila kitu. Eritrea ilibaki kwa Italia, na mpaka wa muda ukawekwa kwenye mito ya Mareb, Belesa na Muna, ukathibitishwa kwa mkataba wa 1900. Baada ya Ethiopia na Eritrea kupigana kati ya 1998 na 2000, tume ya mpaka iliyokaa The Hague ilirudi kwenye mkataba huo wa 1900 na ile ya 1902 na 1908. Katika uamuzi wake wa Aprili 2002, wanasheria walilazimika kuchambua ramani za zamani ili waamue waandishi wale walikusudia kijito kipi walipoandika Belesa, na kipi walipoandika Muna.